Dorsila Habishi Hodi

Vijana wangu, haya magoti mnayoyasikia yakilia nikiinuka kitini hayakuharibiwa na uzee. La kulia nililiacha kwenye mlima wa Kajulu, la kushoto likabaki ng'ambo ya ghuba kwenye mlima wa Homa, na haya niliyo nayo sasa ni ya kunifikisha mezani tu. Juzi niliwasikia mkipanga kwenda kupanda mlima Jumamosi, mwenzenu mmoja akasema, "Tumuulize mzee, si alikuwa mtaalamu." Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Nimeamua niwaandikie jinsi huyo mtaalamu alivyopatikana, maana nikiwaeleza kwa mdomo mke wangu Akeyo atanikatiza kila mahali.

Miaka ile ya sitini, uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, mimi Okelo nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja mjini Kisumu. Kazi yangu ilikuwa kubeba supu bila kutia kidole ndani. Wageni walikuwa wakishaona viboko na kula samaki, wanauliza kuna nini kingine, na meneja wetu, Mzungu mrefu mwenye Kiswahili kifupi, hakuwa na jibu. Asubuhi moja akatupanga mstari jikoni, akauliza, "Nani hapa najua milimani?"

Sasa shikeni neno hilo, kwa sababu ndilo lililonibeba maisha yangu yote. Wakati huo nilikuwa nalala kwa mjomba wangu, mpishi wa afisa mmoja katika mtaa wa Milimani. Nikafikiri bwana anatafuta mtu wa kupeleka kifurushi kwa wakubwa, na huko mtu hakosi chai na kipande cha keki. Nikainua mkono kabla ya wenzangu.

"Mimi, bwana. Mimi nakaa Milimani."

"Wewe najua sawasawa?"

"Kila kona, bwana. Hata gizani bila tochi."

Akaniangalia kwa heshima ambayo sikuwa nimewahi kuiona kwenye uso wake. Jumamosi iliyofuata nikapewa kofia, fimbo na wageni wanne, nikaambiwa niwapandishe mlima wa Kajulu wakaone ziwa na maua. Kwa wasioujua mtaa wa Milimani wa siku zile, mwinuko mkubwa kuliko yote ulikuwa ngazi za veranda. Mlima nilikuwa nimeuona kwa mbali tu, nikiwa nimebeba sinia. Lakini ningesema kweli ningerudishwa kuosha sufuria, na mama yangu alikuwa tayari ameshatangaza mtaa wetu wote wa Kaloleni kwamba nimepandishwa cheo. Alisema kweli, nilipandishwa.

Ile mara ya kwanza sitaki kuizungumzia sana. Nilitangulia kwa kishindo, kifua mbele, kama askari wa gwaride. Kabla hatujafika katikati nilikuwa nimelala chali juu ya jiwe, na mama mmoja mgeni, mwenye nywele nyeupe, ananipepea kwa kofia yangu mwenyewe. Mgeni mwingine alinibebea begi. Kama si Wafula, hadithi yangu ingeishia pale.

Wafula alikuwa dereva wa hoteli, mtu wa upande wa Bungoma, aliyezaliwa mlimani kwelikweli, chini ya Elgon. Yeye alipaswa kubaki na gari, lakini aliponiona nilivyoanza, alifunga milango akatufuata polepole na kipande cha muwa mkononi. Akanikuta chali, akakaa kando yangu, akatafuna muwa kwanza.

"Wewe Okelo," akasema, "huu mlima umekukosea nini?"

Yeye ndiye aliyenifundisha yote ninayowaambia leo. Ukishindwa kupanda huku unaongea, unakwenda mbio, punguza. Usikanyage jiwe unaloweza kulizunguka, wala usilizunguke jiwe kabla hujaona kilicholala upande wa pili. Maji kunywa kidogo kidogo, na chakula bora mlimani ni nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa yakakauka, siyo mkate wa hoteli unaotoka jasho mfukoni. Na lile alilolirudia kila safari: "Kupanda, mgeni anajipandisha mwenyewe. Kushuka, ni wewe unamshusha. Mshushe pole pole." Alisema kweli. Katika miaka yangu yote sikuona mtu akiumia akipanda. Wote waliteguka wakishuka, wakiwa tayari wanafikiria bia.

Basi nikaanza kuzoea. Hata kofia yangu ilipata maandishi. Meneja aliniambia kwamba cheo changu sasa ni "gaidi", ndivyo nilivyosikia, na mimi kwa fahari nikaipeleka kofia kwa mchoraji mmoja wa vibao pale Kaloleni, akaiandika kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: GAIDI. Wiki nzima nilitembea nayo mjini nikishangaa jinsi watu wa Kisumu walivyonipisha njia. Wiki ilipokwisha, barabarani polisi wakasimamisha gari letu. Askari mmoja, kijana wa pwani mwenye Kiswahili cha nyumbani kwao, akaisoma kofia, kisha akanisoma mimi.

"Kazi yako nini wewe?"

"Gaidi, afande."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa tatu sasa. Hawa ndio nimewachukua leo," nikasema, nikiwaonyesha wageni.

Wafula alichukua muda mrefu kunieleza kwa yule askari. Niliposhushwa nimeinua mikono ndipo nilipojifunza kwamba bwana alisema "guide", kiongozi wa wageni, na kwamba katika Kiswahili neno langu ni la mnyang'anyi wa porini. Kofia ikageuzwa ndani nje, lakini jina halikufutika. Mpaka leo kuna wazee Kaloleni wanaoniita Gaidi, na wajukuu zao wananiogopa bure.

Sasa, kwa kuwa mnataka kwenda, nitawaambia wakati na mahali. Msipande kabla ya mvua; mtaona vumbi na mbuzi waliokata tamaa. Ngojeni ile mvua ndefu tunayoiita chwiri ianze, ipige kama wiki mbili, ndipo mwende. Mlima wa Kajulu mwende alfajiri, kwa sababu adhuhuri mawe yanachoma na alasiri mvua inashuka kutoka upande wa Nandi bila kukuuliza umebeba nini. Ukifika juu, geuka. Usigeuke kabla, hata kama wenzako wanapiga kelele, kwa sababu ukishaona nusu, ile nzima haitakushtua tena. Utaliona ziwa lote hadi Homa, mabati ya Kisumu yaking'aa, na tambarare ya Kano ikiwa kijani na maji yamesimama ndani yake. Mimi niliyekwenda kwa sababu ya keki, siku ya kwanza niliyofika juu kwa miguu yangu nilitokwa na machozi. Nikawaambia wageni ni mdudu.

Homa ni mrefu zaidi na unataka meli hadi Kendu Bay na kulala huko. Ramogi, mlima wa kule mbele ya Bondo, una msitu na kivuli, na hapo mtu hapandi bila kuwasalimu wenyeji kwanza. Chini pote ni udongo mweusi. Ukinyeshewa utashikamana na viatu mpaka wewe mwenyewe uwe mrefu kuliko ulivyozaliwa, kwa hiyo vueni, mtembee pekupeku.

Lakini maua, jamani. Maua ndiyo yaliyoniponza.

Mgeni akiona ua haridhiki kulitazama. Anataka jina. Mimi mtoto wa Kaloleni, nyumba za kanseli ya mji, ua pekee nililolijua ni lile la kwenye kitambaa cha meza. Mwanzoni nilijibu kwa njia ya kwetu. Katika Dholuo, lugha yetu, mti na dawa ni neno moja, yath. Kwa hiyo nikiulizwa, "Hii ni nini?" nilitafsiri moja kwa moja: "Hii ni dawa." Na hii? "Dawa." Na ile? "Dawa pia." Wageni wakanistaajabia sana, mpaka siku moja bwana mmoja mnene, tumbo likimsumbua, alipochuma ua moja akalitafuna bila kuniambia. Tulimsubiri nyuma ya kichaka mpaka jua likawa utosini. Alirudi mwembamba.

"Acha mambo ya dawa," Wafula akaniambia. "Wape majina. Mgeni akipata jina anatulia."

"Majina nitoe wapi?"

"Kwani kwenu hakuna watu?"

Kwetu walikuwepo watu, tena wengi, na wengi wao wanawake. Basi nikaanza. Ua dogo la manjano linalojaa mlima mzima likitikisika na upepo nikaliita Apondi, shangazi yangu, kwa sababu naye alicheka hata matangani. Lile jeupe linalofunguka asubuhi na kujifunga jua likiwa kali nikaliita Peres, jirani yetu ambaye baada ya saa sita hakuna aliyejua aliko. Lile la kutambaa, lenye ndimi nyekundu na manjano, linalomshika kila anayepita, likawa Yunita, na sababu yake nitaiacha, mwenyewe ana wajukuu. Wageni wakafurahi. Walirudi mwaka uliofuata wakiyaulizia kwa majina, "Apondi ametoka?" nami nikajibu kama mtu anayetoka kuwasalimu.

Halafu kulikuwa na lile jekundu. Mtalijua mkiliona. Mvua ya kwanza ikigusa ardhi tu, kabla ya nyasi, kabla ya kitu chochote, linachomoza kutoka kwenye udongo mtupu, bua moja, na juu yake kichwa cha mviringo kilichosimama nywele kama brashi ya viatu. Halina jani hata moja. Na mbuzi akilila, hasa kile kitunguu chake cha chini, mchungaji ana kilio.

Jina la ua hilo sikulitafuta, lilikuja lenyewe. Pale Kaloleni palikuwa na mama mmoja fundi wa cherehani, mshona sare za shule, aliyefunga kitambaa chekundu kichwani siku zote saba. Aliingia nyumba yoyote bila hodi. Ukiwa umelala Jumapili asubuhi, unafumbua macho, unamkuta amesimama juu yako anauliza kanisa limekuhamia kitandani. Mimi alinifanyia hivyo mara nyingi, na mara moja nilikuwa sijavaa. Jina lake Dorsila. Nikatunga na maneno ya kumsindikiza, nikawa nayasema kila safari nikiwa nimeegemea fimbo: "Huyu ni Dorsila. Habishi hodi, hana majani, hana haya. Mvua ikigusa udongo, yuko. Na mbuzi akimla Dorsila, mbuzi hafiki nyumbani." Wageni walishika mbavu. Nilijiona mtu mwenye akili nyingi sana.

Miaka ikapita, ya sabini ikaingia, na binti wa Dorsila akarudi kutoka chuo cha ualimu. Ndiye huyu Akeyo. Alipokwenda alikuwa msichana mwembamba wa kutumwa chumvi. Aliporudi, nilimkuta kwenye bomba la maji, akaniambia, "Wewe ndiye Gaidi?" na mimi nikasahau ndoo yangu pale mpaka kesho yake. Tulipendana, sitaficha, wala sina sababu ya kuficha. Tukakubaliana. Wazee wangu wakapanga Jumamosi ya kwenda kwao kwa ayie. Neno hilo kwetu maana yake ni "nimekubali", na anayelisema ni mama wa msichana. Baba anaweza kutaka, ukoo unaweza kushangilia, lakini mama asiposema ayie, mnakunywa chai mnarudi kwenu.

Hapo ndipo nilipoanza kukosa usingizi. Kwa Mjaluo mama mkwe haitwi kwa jina lake. Huli mbele yake, husimami karibu naye, na mkikutana njiani wewe ndiye unayeingia kichakani. Na mimi jina la huyu mama nililitangaza mlimani miaka mingi, mbele ya watu wa mataifa yote, pamoja na habari za mbuzi. Nikaacha siku ile ile. Likitokea ua lile nililionyesha kwa fimbo tu nikasema, "Yule mwenyewe." Kama mnashangaa kwamba hapa nimeliandika waziwazi, desturi ilikataza mdomo, haikutaja kalamu. Atakayewasomea kwa sauti na ajitegemee.

Lakini maneno yakishatoka hayana kamba. Bwana Mulji, Mhindi mwenye duka la vitambaa, alikuwa mgeni wangu wa kila mwaka. Alipenda mlima kuliko watoto wake, au hivyo ndivyo watoto walivyolalamika. Mama wa Akeyo alinunua kitambaa cha sare kwake. Siku kumi tu kabla ya ayie, akimkatia kitambaa, Bwana Mulji akamwambia kwa furaha, "Mama, wewe iko maua mlimani! Jina moja kabisa!" Mama wa watu akafurahi. Ni nani asingefurahi? Akasema angependa kuliona hilo ua linaloitwa kwa jina lake. Na Bwana Mulji, moyo wake mweupe, akamkaribisha Jumamosi iliyotangulia ile ya ayie, kama mgeni wake.

Mimi sikujua lolote. Nilifika kwenye gari nikipiga mluzi, nikachungulia dirishani, nikaona kitambaa chekundu.

"Wafula," nikasema nikiwa tayari nyuma ya gari, "mimi naumwa."

"Nini kinauma?"

"Chagua wewe."

"Panda gari," akasema. "Ukikimbia leo, atajua kuna jambo. Mimi nitakaa katikati yenu."

Hebu fikirieni kiongozi wa safari asiyeweza kumsogelea mgeni wake. Nilipanda mlima ule nikiwa mbele kiasi cha kupiga kelele, nikimtupia Wafula maelezo naye anayapitisha nyuma. Wakipumzika, mimi najificha. Walipokula nyoyo, mimi niliangalia mawingu nikiwa na njaa. Mwili wote ulikuwa unasikiliza kitu kimoja tu, nikiomba mbuzi wa Kajulu wawe wamejitoa mhanga usiku ule, wamemaliza maua yote mekundu mlimani.

Karibu na kilele njia inabana kati ya mawe. Mama akawa amepata nguvu, akanikaribia bila mimi kujua. Nilipogeuka nikamwona hatua chache nyuma, nikafanya kama desturi inavyotaka: nikatoka njiani, nikaruka kando nyuma ya jiwe kubwa. Nilitua na miguu yote miwili katikati ya siafu.

Msiowajua siafu niwaeleze tabia yao. Hawaumi mmoja mmoja. Wanapanda kimya ndani ya suruali mpaka kila mmoja apate mahali pake, kisha wote wanauma kwa pamoja kama walioambiana. Dawa ni moja tu, kuvua suruali papo hapo. Na upande wa pili wa jiwe, karibu kiasi cha kusikia pumzi zake, alikuwa amesimama mama mkwe wangu. Nilivumilia muda ambao sasa naamini nisingeweza kuuvumilia tena. Kisha nikavua. Nikajibana kwenye lile jiwe na shati langu, nikiwatoa siafu mmoja mmoja, meno yameuma kofia ili nisilie.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya Bwana Mulji, yenye furaha ya mtu aliyefika kwa ndugu yake.

"Mama, tazama! Hii sasa iko Dorsila!"

Nikafumba macho. Nilijua ataendelea. Nilimfundisha mwenyewe.

"Hapana piga hodi. Hapana iko majani. Hapana iko haya. Mvua kidogo tu, yeye iko. Na mbuzi kula Dorsila," akashusha sauti vizuri kama nilivyokuwa nikiishusha mimi, "mbuzi hapana fika nyumbani."

Wageni wengine wakacheka. Mama hakucheka. Hata siafu nadhani walipumzika kidogo.

"Na huyo mbuzi," mwishowe akauliza, "alikuwa anatafuta nini kwake?"

Bwana Mulji akacheka peke yake.

"Hayo maneno nani amekufundisha, Bwana Mulji?"

"Gaidi yako, mama! Yeye najua maua yote."

Nikasikia kofia ikipasuka kwenye meno yangu.

"Wafula," akasema, "mwambie huyo ako nyuma ya jiwe, akimaliza na siafu atupeleke chini. Mimi nimeona."

Nimeona. Neno hilo nililala nalo wiki nzima, nikiligeuza huku na huku. Ameona ua? Ameona yatosha? Ameona mguu wangu? Jumatano Akeyo akanikuta kwenye bomba, uso haukuwa wa kucheka.

"Umemfanya nini mama? Anashona tu, haongei. Jana ameshona sare mikono imetazama nyuma."

Nikamweleza. Yote, mpaka mbuzi. Nilitegemea atacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Hakucheka.

"Sikiliza, Okelo," akasema. "Wewe nakupenda. Lakini akikataa Jumamosi, usije ukaniambia tutoroke. Mama ninaye mmoja." Akabeba ndoo yake akaenda, na mimi nikaelewa kwamba ule ujinga wangu wa kuegemea fimbo umenifikisha mahali ambapo Wafula hawezi kukaa katikati.

Jumamosi tulikwenda kwao kijijini, karibu na Bondo. Msemaji wetu alikuwa mjomba wangu yule wa Milimani, amevaa koti la afisa wake. Tuliketi, mimi macho chini. Mama alikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia, na ilinibidi nihesabu maua ya lile pazia ili nisizimie. Mjomba akazunguka na maneno yake matamu, akafika mwisho: "Basi Mama, watoto wamependana. Wewe unasemaje?"

Kuku akapita sebuleni, akatoka.

"Kwanza niulize," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Huyo kijana kazi yake ni gani?"

"Yeye ni gaidi, Mama," akasema mjomba kwa fahari, na mzee mmoja wa ukoo wao akashika bakora yake.

"Nimesikia. Na mimi nimesikia ninaingia bila hodi. Ni kweli. Nyumba ambayo mtoto analala bila kula, kama ningebisha hodi wangeniambia wako salama." Sikuwa nimewahi kulifikiria hilo, na niliona aibu iliyofanya siafu waonekane nafuu. "Lakini mwambieni hivi. Lile ua nimelitazama vizuri. Linatoka peke yake, kwenye mchanga mtupu, kabla ya wengine wote. Mimi nimelipenda. Na Dorsila hamdhuru mtu asiyemtafuna."

Kuku yule akarudi.

"Ayie," akasema.

Mjomba anasema nilianguka kutoka kwenye kiti. Akeyo anasema hapana, nilipiga magoti. Mimi sikumbuki, ila ninajua nililia mbele ya wazee wale wote, na safari hiyo sikusingizia mdudu.

Bwana Mulji baadaye alihamia ng'ambo na watoto wake, na Wafula akarudi kwao kulima. Mimi niliendelea kupandisha watu kila chwiri. Mama mkwe wangu na mimi hatukuzungumza juu ya ua lile hata mara moja. Tungezungumza vipi? Yeye anapita huku, mimi naingia kichakani kule. Hivyo ndivyo watu wawili wanaoheshimiana walivyoishi kwetu, na msidhani hatukupendana.

Kisha, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, akaugua. Alikuwa ameacha cherehani, amerudi kwake Bondo. Mvua ndiyo kwanza imeanza. Akeyo alikuwa ndani naye mchana na usiku. Mimi chumbani kwake singeweza kuingia, kwa hiyo kila nilipofika niliweka kigoda nje, chini ya dirisha lake, nikaegemeza mgongo ukutani. Alasiri moja nikasikia anauliza, sauti nyembamba kama uzi, "Nani ako hapo?"

"Ni mimi, Mama."

"Milima imechanua?"

Nikamwambia imechanua. Akasema, "Nipeleke." Akeyo akachungulia dirishani akanitazama, akaitikia kwa kichwa. Basi nikaanza, nikiwa nimeketi pale pale, mgongo ukutani. Nikamwambia tumeshuka kwenye gari, ni alfajiri, udongo umelowa, tuvue viatu. Nikamvusha kijito. Nikampumzisha kwenye jiwe nililolala chali siku ya kwanza, nikamweleza na hilo, nikasikia akicheka na kukohoa. Nikamwonyesha Apondi, mlima mzima umejaa. Nikamwonyesha Peres kabla hajajifunga. Nikamtahadharisha na Yunita asimshike nguo. Tukafika mahali njia inapobana kati ya mawe, nikanyamaza.

"Na yule mwingine?" akauliza.

"Yupo, Mama."

"Mtaje."

"Siwezi, Mama."

"Jina ni langu. Nimekupa ruhusa. Mtaje."

"Dorsila ametoka, Mama," nikasema. "Ametoka kabla ya wote."

Hiyo ndiyo mara ya pekee nililitamka jina hilo akisikia. Tukafika kileleni, nikamgeuza, nikamwonyesha ziwa lote mpaka Homa. Nikasikia anavuta pumzi.

"Haya," akasema. "Nimeona. Sasa nishushe."

Nikamshusha pole pole.